Gari Langu la Zamani Halikwenda Mbali

Miezi miwili iliyopita nilibadilisha gari. Nilitoa Toyota Celica ya mwaka 2001, niliyokuwa nayo kwa miaka tisa, nikaongeza fedha, nikapewa Toyota 86 ya mwaka 2013. Yote mawili ni magari ya spoti yenye milango miwili. Moja limechoka, jingine limechoka kidogo. Wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikijadili Bunge, bajeti na maadili ya viongozi watajiuliza kama nimeishiwa hoja. Sijaishiwa. Kilichonipata baada ya mabadilishano hayo ni suala la bajeti na la maadili, na safari hii mtuhumiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Niseme kwanza kwa nini mtu wa makamo, mwenye familia na mshahara wa umma, anaendesha gari ambalo kiti chake cha nyuma hakimfai hata mtoto wa darasa la sita. Sina utetezi wa kitaaluma. Napenda tu. Nilipokuwa mdogo, Celica lilikuwa jina la mashujaa. Björn Waldegård alishinda nayo Safari Rally mwaka 1984, Juha Kankkunen mwaka 1985, kisha Waldegård tena mwaka 1986. Matoleo yaliyofuata yakashinda mwaka 1990, halafu mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 usukani ulikuwa mikononi mwa Mkenya, Ian Duncan. Mashindano yale yalipoanzishwa mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo nilijihesabia haki ya kuyaonea fahari. Celica yangu ilikuwa binamu mpole wa zile: injini ya lita 1.8, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, wala haikuwahi kushindana na kitu chochote isipokuwa matuta ya Nkuhungu.

Dodoma nayo si mji wa magari ya namna hii. Ni mji wa mashangingi. Hapa cheo hupimwa kwa urefu wa gari kutoka ardhini, na mtu akishuka badala ya kuteremka anatiliwa shaka. Ukiegesha gari la chini katikati ya Land Cruiser za wizara kule Mtumba, mlinzi atakuuliza kwa heshima zote umemleta nani. Wafaransa wana neno lao la gari la spoti la milango miwili, na sisi tukilitamka kwa ulimi wetu linakuwa kupe. Wafugaji wa hapa hawatahitaji maelezo zaidi: linanyonya.

Kwa miaka mingi kisingizio changu kilikuwa safari za Dar es Salaam. Nilimwambia mke wangu kwamba mtu anayesafiri kilomita 450 mara kwa mara anastahili gari linalokanyaga barabara vizuri. Kisingizio hicho kilikufa Julai 2024, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma. Sasa mwendo ambao kwa gari ulinila siku nzima unaisha kwa muda usiofika saa nne, nami nimekaa nasoma. Ajabu ni kwamba hiyo Toyota 86 niliifuata Dar es Salaam kwa treni hiyo hiyo. Niliirudisha kwa barabara, nguvu farasi 200 chini ya mguu wangu, na kila nilipofika kijiji nilikuta kibao cha 50: Dumila, Gairo, Pandambili, Kibaigwa, Mbande, Buigiri. Askari wa tochi walikuwa kazini. Gari jipya ni zuri kweli kweli. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, linakata kona kama kisu, na usukani wake unakuambia kila kokoto unayoipita. Lakini vijijini lilikwenda kwa mwendo ule ule wa Celica, na wa lori la mahindi lililokuwa mbele yangu.

Tuje kwenye mabadilishano yenyewe. Yadi niliyoiendea ipo hapa Dodoma, gari nililolitaka likiwa kwenye yadi yao nyingine ya Dar es Salaam. Wanafanya kile ambacho madalali wanakiita topapu: unatoa gari lako, linathaminiwa, unaongeza tofauti. Celica yangu waliithamini shilingi milioni tisa na nusu. Kwa kuwa najiona mtu mwaminifu, nikamweleza meneja kila nilichokijua. Injini ya 1ZZ ya miaka ile inafahamika kwa mafundi: ringi za pistoni hujaa masizi na kukwama, injini ikaanza kula oili. Yangu ilikuwa inakula lita moja kila kilomita 1,500. Bushi za mbele upande wa kushoto zilikuwa zimekwisha. Meneja aliandika kwenye simu yake, akanishukuru kwa ukweli, akapunguza milioni moja na nusu. Nikaongeza milioni thelathini, ambazo ni akiba ya miaka sita na mkopo wa SACCOS, tukapeana mikono. Niliondoka na dhamiri nyepesi.

Kabla ya kueleza kilichofuata, ni lazima nieleze soko hili lipo kwa sababu gani, maana mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuagiza gari Japani kama wenzangu.

Sikuagiza kwa sababu ya hesabu. Chukua gari la petroli lenye injini isiyozidi lita mbili, na tuseme thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima ni 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tunafika 125. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo. Kama gari limevuka miaka kumi tangu litengenezwe, unaongezwa ule tunaouita ushuru wa uchakavu, asilimia 30. Likiwa na miaka minane hadi kumi, ni asilimia 15. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Ukimaliza kuzidisha, gari changa lililoanza na 100 linatoka bandarini likiwa karibu 155, na gari kuukuu lililoanza na 100 hiyo hiyo linatoka likiwa karibu 199, kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo. Yaani kwa gari kuukuu unalipa kodi sawa na bei ya gari lenyewe.

Nia ya ushuru huu ni njema na sina ugomvi nayo. Wenzetu Wakenya wameamua kuzuia kabisa gari lililozidi miaka minane, na Waganda tangu mwaka 2018 wamezuia lililozidi miaka kumi na mitano. Sisi hatukuzuia, tulitoza. Hoja ni kwamba Japani inajua inachokifanya: gari la binafsi linakaguliwa miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama inayomchosha mwenye gari, na la petroli likivuka miaka kumi na mitatu kodi yake ya mwaka inapanda. Kwa hiyo Mjapani analiuza, na sisi tunaoendesha upande ule ule wa barabara tunalipokea. Pale bandarini Serikali inasema: uzee huu una bei. Inapokea bei. Baada ya hapo uzee unaendelea kuongezeka kila mwaka na hakuna tena anayeuuliza.

Kinyume chake, ushuru ule umelifanya gari lililokwisha kuingia liwe mali ya kutunzwa mpaka kiyama. Nani avunje Celica ya mwaka 2001 iwe vyuma chakavu wakati kuingiza nyingine kutamgharimu mara mbili? Haivunjwi. Inashuka. Inatoka kwa profesa inakwenda kwa mhadhiri, kwa mhadhiri inakwenda kwa karani, kwa karani inakwenda kwa kijana aliyepata ajira jana. Kila inaposhuka ngazi, bei inapungua na gharama ya kuitunza inaongezeka, kwa hiyo anayeipata mwisho ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kununua matairi na breki.

Na tuna namna yetu ya kujidanganya kuhusu umri. Mtaani gari linaitwa kwa herufi ya namba yake: hili ni namba C, lile ni namba D, yule jirani ametoka na namba E. Herufi hiyo inaonyesha gari liliandikishwa lini hapa kwetu. Mwaka lililotengenezwa haumo. Gari la mwaka 2003 lililochelewa kufika linavaa herufi changa kuliko la mwaka 2007 lililowahi. Tunalihesabia gari umri tangu lilipokuwa letu, kama kwamba miaka ya Japani ilikuwa ya tumboni. Nimeona watu wenye shahada tatu wakibishana kwa herufi bila kufungua kadi kutazama mwaka, na mmoja wao ni mimi.

Wiki tatu baada ya mabadilishano nilikwenda kwa fundi wangu wa Chang'ombe kubadilisha oili ya gari jipya. Celica yangu ilikuwa pale, boneti imefunguliwa. Kando yake alisimama kijana wa miaka ishirini na kitu, shati jeupe limekunjwa mikono, uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Shikamoo, Dokta," akasema, ingawa hatukuwahi kuonana.

"Marahaba. Umenifahamu wapi?"

"Jina lako lipo kwenye mkataba. Wewe ndiye uliyeniuzia."

Nilimwambia nimeiuzia yadi. Akafungua begi, akatoa bahasha ya kaki, akanionyesha. Jina langu, sahihi yangu, namba yangu ya mlipakodi. Na chini, mahali pa mnunuzi, jina lake. Hapo nikakumbuka. Siku ile pale yadi nilitia sahihi fomu ya mauziano ambayo nafasi ya mnunuzi ilikuwa wazi. Meneja aliniambia ni kawaida, ili gari lisihamishiwe umiliki mara mbili na ada isilipwe mara mbili. Mimi, ninayewafundisha vijana kusoma nyaraka za umma mstari kwa mstari, nilitia sahihi karatasi tupu kwa sababu ufunguo wa gari jipya ulikuwa mezani.

Kijana alinunua kwa milioni kumi na moja na nusu. Ameajiriwa mwaka huu katika halmashauri moja ya mkoani, amechukua mkopo wa mshahara wa miaka minne. Alipouliza kuhusu injini aliambiwa kwamba gari lilikuwa la Dokta wa chuo kikuu, mtu mzima, halijawahi kusumbuliwa. Uaminifu wangu wote wa siku ile uligeuzwa kuwa tangazo. Kuhusu oili hakuambiwa neno. Alisafiri kwenda Singida kumwona mama yake na taa nyekundu ikawaka akiwa amepita Manyoni. Kwa bahati alisimama.

Tufanye hesabu nyingine, ndogo kuliko ile ya bandari. Ubovu wa injini ulikuwa na bei: milioni moja na nusu. Mimi niliilipa, maana ilipunguzwa kwenye gari langu. Kijana naye atailipa tena kwa fundi, maana hakupunguziwa. Aliyekaa katikati aliipokea na kuificha. Nilikuwa nimesema ukweli, lakini nilimwambia mtu ambaye faida yake ilikuwa kuunyamazia, na sikujali kuuliza utamfikia nani.

Nilirudi ofisini nikaisoma upya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ni sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, na moyo wake ni kwamba mnunuzi afungue macho. Inamlinda kwa kiasi fulani anaponunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa ya aina hiyo: hapo sheria inachukulia kwamba bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Akinunua kwa mtu binafsi kama mimi, ulinzi huo karibu wote unaondoka. Sasa tazama kazi ya ile nafasi iliyoachwa wazi. Ilipunguza ada, ndiyo, lakini pia ilimfuta mfanyabiashara kwenye karatasi. Kijana aliingia yadi yenye bendera na taa, akahudumiwa na wafanyakazi wenye sare, akalipia mezani kwao, na kisheria akatoka akiwa amenunua kwa mwalimu fulani asiyemjua. Sisemi kwamba wakili mzuri hawezi kuwafuata. Nasema kijana mwenye mkopo wa miaka minne hana fedha za wakili mzuri.

Na uhamisho wa umiliki wenyewe? Nilipoufuatilia niliulizwa mkataba, kadi, vitambulisho, namba za mlipakodi na ada. Kulikuwa pia na deni la faini moja ya shilingi 30,000 ya kupita kibao cha 50, na hilo lilionekana mara moja kwenye mfumo, kwa tarehe na mahali. Nchi yetu ina uwezo wa kujua kwamba gari fulani lilipita Kibaigwa kwa mwendo wa 61. Kama breki za gari hilo zinashika, hakuna dirisha linalouliza.

Jumamosi ile nilikwenda Msalato, kama wakazi wengi wa Dodoma, kula nyama mnadani. Nilisimama muda mrefu kuliko kawaida upande wa mifugo. Mnunuzi hakubali ng'ombe kwa hadithi ya nani alikuwa anamfuga. Anamfungua mdomo, anahesabu meno. Anampapasa mgongo, anatazama kwato, anamtembeza hatua kumi na kurudi, na anayechechemea bei yake inatajwa mbele ya watu wote. Kisha ng'ombe huyo hawezi kusafirishwa kwenda wilaya nyingine bila kibali cha mifugo, kwa sababu sheria inajua kwamba ugonjwa wa mmoja ni hasara ya wengi. Uwanda huu wa kati, tunaoubeza kwa ukame na vumbi, una ustaarabu wa kuuziana kitu chenye uhai na chenye kasoro. Gari la tani moja na robo linalokwenda kilomita mia kwa saa kwenye barabara ya watoto wa shule linabadilisha mikono kwa karatasi na sahihi, na kasoro zake zinabaki siri ya aliyelipwa kuzificha.

Kuna kasoro nyingine ambazo hata muuzaji mkweli hazijui. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyoweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma, ilisababisha makumi ya mamilioni ya magari kuitwa yarudi kutengenezwa duniani kote, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Yamo magari ya Kijapani ya aina tunazopishana nazo kila siku. Gari langu jipya nalo halijapona: mwaka 2018 Subaru na Toyota waliyaita magari ya miaka ya 2012 na 2013 yenye injini hii kwa sababu ya springi za vali. Je, langu lilifanyiwa kazi hiyo kabla halijapandishwa melini? Namba ya chesesi inaweza kujibu swali hilo kwa dakika chache. Yadi haikunijibu, na kwa kweli sikuwa nimeuliza.

Ninachopendekeza si kikubwa. Ukaguzi ufanyike gari linapobadilisha mwenyewe, pamoja na ule wa linapoingia nchini. Breki, usukani, matairi, taa, mkanda, na historia ya chesesi kama gari liliwahi kuitwa na kiwanda. Taarifa iwe ukurasa mmoja, iambatanishwe na mkataba, na nakala abaki nayo mnunuzi. Pili, na hili naliona muhimu zaidi, anayenunua gari ili aliuze aandikwe. Jina la yadi lionekane kwenye mnyororo hata kama litakaa siku tatu. Kama tatizo ni ada ya kuhamisha mara mbili, basi wafanyabiashara wenye leseni wapewe ada ya shilingi elfu chache kwa gari lililo njiani kuuzwa, lakini wasiruhusiwe kuwa mizimu.

Nawasikia wanaharakati wenzangu: ukaguzi ni mlango mwingine wa rushwa. Nakubali nusu. Nami nimewahi kubandikiwa stika ya ukaguzi kwenye kioo na mtu ambaye hakuligusa gari. Stika ile ilikuwa ya kumwonyesha askari, haikuwa na mtu mwingine wa kuisoma. Taarifa ninayoisema inasomwa na mtu anayetoa fedha zake, na anaweza kuipeleka kwa fundi wake kuihakiki kabla hajalipa. Mkaguzi aliyeandika kwamba breki ni nzima awe na jina na namba, ili kesho ajulikane. Rushwa haitakwisha, ila itakuwa na sahihi.

Pingamizi lililonisumbua zaidi lilitoka kwa kijana mwenyewe nilipomweleza. Alisema: "Dokta, kama lingekaguliwa, lingepanda bei, nisingeliweza." Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba uzembe wetu una upande unaowanufaisha wasio nacho. Gari bovu ni gari rahisi, na gari rahisi limempeleka mtu kazini. Lakini yeye hakulipata kwa bei ya gari bovu. Alilipa bei ya gari zima akapewa bovu. Ukaguzi usingelipandisha hilo bei, ungelishusha hadi mahali lilipostahili, na ile milioni moja na nusu ingebaki mfukoni mwake anunue ringi.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wasidhani nawasema wenye yadi peke yao. Soma tangazo lolote la mnada wa magari chakavu ya taasisi zetu, utakuta maneno yale yale: yatauzwa kama yalivyo na mahali yalipo. Shangingi lililobeba mheshimiwa kwa miaka kumi kwa mafuta ya wananchi linatolewa uani, linasukumwa kwa wananchi hao hao kama lilivyo, na daftari lake la matengenezo, ambalo lipo na lililipiwa kwa kodi, mara nyingi halifuatani nalo. Serikali ndiyo muuzaji mwenye kumbukumbu kamili kuliko wote nchini. Ingeanza yenyewe, kwa kuambatanisha daftari tu, bila sheria mpya wala kamati.

Tumekubaliana hivi na kijana: ringi nanunua mimi, kazi ya kufungua injini analipa yeye, bushi tunagawana. Alikataa mwanzo, akasema mimi sina kosa kisheria. Nikamwambia ndiyo maana nalipa. Yadi ilisema gari likishatoka getini mambo yameisha. Fundi ameagiza ringi Dar es Salaam. Injini iko juu ya meza, imefunikwa gunia kuzuia vumbi la Chang'ombe.

Kuhusu gari langu jipya, kadi yake bado haijahamishwa. Nilitazama mkataba wangu kwa mara ya kwanza kwa makini: jina la yadi halimo. Kisheria nimenunua kwa mama mmoja wa Mwanza, sahihi yake ipo, na pembeni kuna namba yake ya simu. Juzi jioni nilimpigia. Nikajitambulisha, nikasema mimi ndiye nilinunua ile 86 nyekundu, samahani kwa usumbufu, nina maswali machache kuhusu matengenezo. Akanyamaza kidogo.

"Kaka," akasema, "wale watu walikuambia kuhusu gia ya tatu?"